Mama Ameshangilia Mimba Isiyopo

Shoga, sikia haya. Wifi yangu, yule fundi cherehani, kasikika anatapika chooni. Mama akaruka kwa furaha: “Mjukuu huyo!”

Nikaingia kumsaidia. Kumbe kajitia vidole kooni. Vidole, shoga!

Akaniambia, tangu mimba ya pili itoke, kila anachokula anakitapika. Eti tumbo lilibaki kubwa bila mtoto, analichukia. Hedhi hajaiona miezi sita! Daktari alishamwambia, “Usipokula, hutashika mimba.” Kamficha hata mumewe, kaka yangu.

Nimemshika mkono, mfupa mtupu. Akaninong’oneza, “Usimwambie mama.”

Hapo hapo mama akabisha hodi: “Muulize mwanangu anatamani kula nini?”

Wifi akaniganda. Nimeogopa kumpoteza, shoga. Nimefungua mlango, nimemwambia mama ukweli.