Hodi Niliyoshindwa Kupiga

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Nina neno ambalo sijamwambia mtu, hata Baba. Kila alasiri navaa kanga yako ya kahawia, naenda mpaka mlangoni kwa Bi Zainabu ili nimwalike kwenye kazi ya kisima. Nikifika, sauti haitoki. Nasimama hapo, nawasikia yeye na watu wake wakicheka ndani, kisha narudi nyumbani.

Ulipofariki, wanawake wa Rasbura walisema kazi yako ya kuwaita watu kisimani niishike mimi kwa kuwa nimemaliza shule. Sikuweza kukataa, maana hata kukataa kunahitaji sauti. Nikapelekwa Boma kwenye mafunzo ya wanaosimamia kazi za mitaa. Mwalimu wetu alikuwa mama mpole kutoka Dar es Salaam. Alitufundisha kusimama wima, kutazama watu machoni, na kutangaza mkutano mapema ili kila mtu ajue siku na saa. Nilifurahi niliposikia habari ya kutangaza. Nikaona nimepata njia ya kuita watu bila kusema nao.

Basi nikamwomba mpiga mbiu apite mtaani na debe lake. Siku ya kazi nikakaa kisimani na kamba na majembe. Walikuja mbuzi tu.

Kesho yake nilipokwenda kuteka maji niliwakuta Bi Zainabu na mwenzake wanazungumza.

"Mbiu ni ya kodi na ya mtoto aliyepotea," Bi Zainabu alikuwa akisema. "Mimi naalikwa."

"Mama yake alikuwa akifika mpaka jikoni," mwenzake akajibu. "Huyu anaringa. Shule imemvimbisha kichwa."

Waliponiona wakanyamaza. Mimi nami nikanyamaza, na kunyamaza kwangu wakakuhesabu kuwa ndiyo maringo yenyewe.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinishika mkono tukizunguka nyumba kwa nyumba? Kisima hukukitaja kwanza. Ulikaa mkekani, ukauliza kikohozi cha mzee, ukaonja mchuzi, ukasema umepungua chumvi. Mpaka tunaaga, mguu mmoja uko nje, ndipo ulipogeuka kama uliyesahau kitu: "Mwenzangu, kesho tunazibua kisima. Usiniache peke yangu."

Siku moja Bi Zainabu alinitazama nimejificha nyuma yako, akakuuliza, "Huyu binti yako ana ulimi, au umeuacha sokoni?"

"Anao," ukamjibu, "ila unakua polepole. Meno yameutangulia."

Mlicheka mpaka mkashikana mabega. Nami nilicheka, ndani ya kanga yako. Mama, ulimi huo bado haujakua.

Ukingo wa kisima umebomoka upande wa njia. Maji yanatoka na udongo, na mjukuu wa Bi Zainabu anaharisha tangu juzi. Masika yakianza, ukuta wote utaanguka ndani. Bwana Shauri wa Boma amesema saruji ipo, lakini atawapa watu walio tayari kufanya kazi. Sisi wa Rasbura tukiendelea kukaa bure, itapelekwa kwa watu wa Mitwero. Jana mawingu yalijaa upande wa bahari.

Najua la kufanya. Ndilo linaloniumiza. Mafunzo yamekwisha, mfano wako ninao, mlango naufahamu hadi misumari yake, na neno lenyewe ni moja tu. Leo nimefika tena. Nimemsikia mtoto analia ndani na Bi Zainabu anambembeleza. Nimeinua mkono. Mkono umebaki hewani, kisha nimeutumia kufuta uso.

Nikaja huku makaburini kwako, nikakaa mchangani, na maneno yote haya yakatoka bila kukwama. Kwako hakuna mlango, Mama.

Usimwambie mtu. Kama huko mliko mnatembelewa na mama zao kina Bi Zainabu, wasijue. Waache waseme naringa. Ni afadhali kuliko wajue kwamba huwa nafika mpaka mlangoni.

Mwanao uliyemficha ndani ya kanga