Wifi kavitupa vitabu vyangu

Zainab, uko nyumbani? Nimetoka kwa wifi yangu Haifa, mtaa wa Thornton Heath, na hasira bado hazijaniisha.

Kavitia vitabu vyangu vya hadithi za kutisha kwenye pipa la taka. Mbele ya wageni. Mkoba wangu kaufungua mwenyewe, akavitoa kimoja kimoja akiwaonesha watu majalada.

Halafu akasema, "Ndiyo maana huzai. Umeijaza nyumba ya kaka yangu mashetani."

Ndiyo maana huzai. Kalisema hilo huku anagawa sambusa.

Wewe unajua nilianza kuvisoma lini. Mimba ya pili ilipotoka nilikuwa silali, nikavikuta vya zamani vinauzwa sokoni Walthamstow. Mzimu wa kitabuni unanitisha kweli, lakini nikifika mwisho kunakucha na kuna mtu kapona. Hilo tu ndilo nililokuwa nalitaka.

Nikamgeukia Ameir. Mume wangu, Zainab, aliyenishika mkono hospitali mara zote mbili. Kainamisha kichwa, akasema, "Dada ana nia njema. Mwombe radhi."

Mimi ndiye wa kuomba radhi.

Nikatia mkono pipani mbele yao wote, nikavitoa vinanuka vitunguu. Nikamwambia Haifa, "Sijawahi kusoma shetani mwenye roho kama yako."

Nikachukua mkoba wangu, nikatoka. Ameir hata hakuinuka kunifuata.

Niko kwenye treni, nakuja kwako. Ameir akipiga simu, mwambie sijafika. Akija, usimfungulie.