Cheti Kimetundikwa Sebuleni

Nyumbani,
Jumapili, 6 Julai.

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta kile kikohozi kimekuacha, na kwamba shemeji na wapwa zangu hawajambo. Huku kwetu ni salama. Mama ni mzima kuliko mimi. Anasema hata goti lake limepona tangu nyumba ipate umeme wa maana, nami nimeshindwa kabisa kumthibitishia kwamba goti na umeme havijuani.

Nisamehe kwa kimya changu. Safari hii nina habari njema nyingi na ombi moja, lakini ombi litatangulia na maelezo. Kuna mtu nimemuuliza swali, swali ambalo mwanamume wa miaka thelathini na tisa alipaswa kuwa ameliuliza mapema zaidi, naye amekataa kunijibu ndiyo wala hapana mpaka nikuandikie wewe mambo yote bila kuruka kitu, kisha aisome barua kabla sijaifunga. Kwa hiyo, Dada, soma taratibu. Nimeifungua shajara yangu hapa mezani nisije nikakosea tarehe.

Unazikumbuka zile kandambili za friji. Tangu Mzee Tepu atufungie umeme, kila aliyetaka maji baridi ilimbidi avae kandambili kwanza, maana friji ilikuwa inatetemesha mkono. Mzee Tepu aliapa kuwa huo ni umeme mdogo tu, wa salamu, haujawahi kumuua mtu anayemjua. Basi tarehe 9 Aprili Mama alisahau kandambili. Akashika mlango wa friji kwa mkono uliolowa, akarushwa hadi kwenye kabati. Hakuumia, ila aliniambia kwa sauti ya chini kwamba salamu za leo zimekuwa za kukumbatiana. Ndipo nilipokupigia, nawe ukanikaripia kuwa nisimwite mtu asiye na leseni, hata awe amezaliwa na koleo mkononi.

Nilitii. Tarehe 14 Aprili, saa mbili kamili asubuhi, Fundi akabisha hodi. Mama alimtazama, akatazama nyuma yake, akauliza fundi mwenyewe yuko wapi. Yule dada akacheka, akasema fundi ndiye huyo na nyuma yake hakuna mtu, kisha akatoa leseni yake kabla hatujaiomba. Alisema kila mwenye nyumba anapaswa kuidai, na asiyeidai asilalamike.

Alizima swichi kuu, akaifunga kwa kufuli, ufunguo akautia mfukoni. Mama akauliza kama hatuamini. Fundi akajibu, Mama yangu, nakuamini sana, ila simwamini mtu atakayetamani kuchaji simu mikono yangu ikiwa ndani ya ukuta. Kisha akaanza kupima. Soketi moja baada ya nyingine, namba anaandika. Nilipomletea daftari langu, ambamo soketi zote za nyumba hii nilikwisha kuzipa namba tangu mwaka juzi, aliinua kichwa akanitazama muda mrefu kidogo. Katika shajara nimeandika: "Fundi amelisifu daftari." Nimepiga mstari chini yake.

Sasa cheka. Fundi akaufuata ule waya wa kijani na njano, ambao mafundi wanauita ethi, wenye kazi ya kuupeleka ardhini umeme unaovuja. Akaufuata jikoni, akaufuata ukutani, ukatokea barazani, ukaingia kwenye kopo la maua ya Mama! Mzee Tepu alikuwa ameuchomeka humo. Tulipomwita kuja kujieleza, alitazama kopo, akatutazama sisi, akasema udongo ni udongo. Fundi alikaa chini barazani, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akafuta macho, akamwambia Mzee Tepu kwa heshima, Baba, maua haya yamesikia mengi kuliko sisi sote.

Kazi ilichukua siku kumi na mbili. Akazika fimbo ya shaba ardhini, akang'oa nyaya zilizofungwa kwa tepu, akafunga kifaa kinachokata umeme chenyewe ukivuja hata kidogo. Mimi nikiandika vibandiko vya swichi kwa mwandiko wangu wa shule. Tarehe 26 Aprili akapima tena kila kitu, akatia sahihi cheti.

Laiti ungemwona Mama siku ile! Alivua viatu, akaifungua friji. Akaifunga. Akaifungua tena kwa mkono uliolowa, ingawa Fundi alimwambia hiyo si tabia ya kuzoea. Kisha akaita majirani. Jirani wa mkono wa kulia alikuja na kandambili zake mkononi kwa mazoea, Mama akamnyang'anya, akamwambia aingie peku, nyumba hii sasa ina ustaarabu. Wamepita watu kumi na mmoja kuishika friji. Cheti kimetundikwa sebuleni, juu ya picha ya harusi ya Mama na marehemu Baba. Mama anadai Baba angekubali, maana naye alikuwa mtu wa kufuata taratibu.

Hapo ndipo habari njema zilipaswa kuishia, na ndipo shida yangu ilipoanza. Kazi ilikwisha, na Fundi akawa hana sababu ya kuja. Nimeandika "Fundi hakuja leo" siku tisa mfululizo, kana kwamba ni taarifa ya hali ya hewa. Tarehe 6 Mei nikampigia kwamba taa ya ukumbini inapepesa. Akaja, akaitazama, haikupepesa. Tarehe 20 Mei nikasema kengele ya mlangoni imekuwa na sauti ya huzuni. Akaja, akaibonyeza mara tatu, akasema kwa uso mkavu kwamba yeye anaisikia ina furaha. Tarehe 3 Juni sikumbuki hata nilisema nini. Akaniambia nyumba haina hitilafu yoyote, na safari nyingine nisimwite mpaka iwepo.

Dada, sasa nakuambia jambo ambalo niliagizwa nikuambie, nawe unisome kama mkubwa wangu. Tarehe 10 Juni nilizima swichi kuu, nikaifungua soketi ya chumba cha kupigia pasi, nikalegeza skrubu inayobana waya. Nilitaka hitilafu iwepo. Nikampigia, akaahidi kuja adhuhuri. Nikabandika karatasi juu ya soketi: USITUMIE. Lakini Fundi alikwama kwenye kazi nyingine mpaka kesho yake, na Mama hasomi bila miwani. Asubuhi ya tarehe 11 alichomeka pasi hapohapo. Fundi alipoingia, harufu ilimpokea mlangoni. Soketi ilikuwa imeanza kuwa ya kahawia. Mama alikuwa anapiga pasi gauni la ibada huku akiimba.

Aliichomoa pasi, akazima swichi, akaifungua soketi, akainama kuzitazama skrubu. Kumbe kila skrubu anayoikaza huichora mstari mwembamba wa rangi ya kucha, kutoka kichwani mwa skrubu hadi kwenye chuma chake. Skrubu ikigeuzwa hata robo, mstari unakatika. Ulikuwa umekatika. Akamwambia Mama kuna kitu kidogo, amekimaliza. Kisha akanitoa nje, akaniambia skrubu zake hazifunguki zenyewe. Hakupaza sauti, na laiti angepaza. Aliuliza nani angeungua. Aliuliza pia jina gani lingesomwa baada ya moto, maana kwenye cheti kile sebuleni hakuna jina langu, kuna lake. Akaondoka.

Nilikaa siku kumi na tatu nikimkwepa Mama machoni. Tarehe 24 Juni nikachukua shajara, nikaenda karakana yake, nikaweka ukurasa wa tarehe 10 mbele yake. Aliusoma. Kisha, bila ruhusa, akarudi nyuma kurasa nyingi, akauliza kwa nini mtu mzima anaandika "Fundi hakuja leo" mara tisa. Nikamwambia sababu, na papo hapo nikamuuliza lile swali. Akasema hajibu swali la mtu aliyeficha moto nyumbani kwao. Nikamwambie Mama, kisha nikuandikie wewe uliyemwacha Mama mikononi mwangu.

Mama nilimwambia jioni ileile. Alinirushia kandambili moja ikanipata, ya pili akabaki nayo mkononi, akauliza huyo binti ana mchumba au hana.

Kwa hiyo ombi langu, Dada: kwanza unisamehe. Pili, kama jibu litakuwa ndiyo, uje mwezi wa tisa usimame nami tutakapokwenda kwao, kwani bila wewe mimi sina wa kunisemea. Kama litakuwa hapana, njoo vilevile uishike friji.

Mama anakusalimu sana, anasema umletee miwani mipya. Nisalimie shemeji, na wapwa uwaambie mjomba wao anawakumbuka.

Ni mimi mdogo wako,
Karani.

*

(Mwandiko mwingine, kwa kalamu nyekundu:)

Wifi, shikamoo. Barua nimeisoma yote. Ina kasoro moja: skrubu zilikuwa mbili. Nimemuuliza, ameinamisha kichwa, amekiri. Zote nimezikaza. Mwezi wa tisa tunakusubiri.