Kichwa cha Gia

Jumatatu, 3 Machi
Sufuria mbili zimeharibika. Mchanga wa kalibu ulikuwa mkavu mno, ukabomoka nikimimina alumini. Nimerudisha yote tanurini. Alumini haina kinyongo, iyeyushe mara kumi na bado ni ile ile. Mimi ninacho. Nimemfokea mteja bure.

Mdogo wangu Mwadime hajapita. Lori lake likifika Voi lazima apige honi hapa nje, hata kama hasimami.

Jumatano, 5 Machi
Simu yake imezimwa. Bosi wake hapokei. Mama ameteremka kutoka Sagalla kwa bodaboda kuniuliza, eti mimi ndiye ninayekaa karibu na barabara. Nimemwambia chaji imemwishia. Hakuamini. Hata mimi siamini.

Alhamisi, 6 Machi
Muuza skrapa kaleta gunia. Lori limeanguka karibu na Maungu, anasema, dereva amekufa palepale, na watu wameshalifungua vipuri. Nikapitisha sumaku kama kawaida. Chuma hunasa, alumini haijali. Pistoni. Kifuniko cha giaboksi. Halafu kichwa cha gia, kile dereva anachoshika akibadilisha gia, chepesi, kina alama ya dole gumba pembeni. Dole langu. Nilikimimina mwenyewe, nikampa Mwadime alipopata kazi ya lori.

Nikakaa chini. Yule mtu akauliza kama mizani imekwama.

Ijumaa, 7 Machi
Mochari. Ni yeye.

Jumamosi, 8 Machi
Nimepanda Sagalla kumwambia Mama. Hakupiga kelele. Nikampa kile kichwa cha gia, nikidhani atataka kukiweka. Alikigeuzageuza muda mrefu.

"Watu watakuja na sina sufuria kubwa," akasema. "Nitengenezee. Na hiki kitie humo."

Nikakataa. Nilimwona katili, kusema kweli.

"Ukikiweka utakuwa unakitazama tu, kazi ikushinde. Nakujua, mwanangu."

Jumatatu, 10 Machi
Nimewasha tanuri. Kimeyeyuka kabla ya pistoni. Nikaondoa ule utando wa kijivu, chini kunang'aa kama maji. Nimelia sana. Feni ya tanuri ilikuwa inavuma, hakuna aliyesikia.

Kalibu safari hii haikubomoka.

Alhamisi, 13 Machi
Tulizika jana. Kimanga, mihogo iliyopondwa na maharage, kilipikwa humo, kikatosha watu wote. Wanawake wameisifu sufuria, nyepesi, inashika moto upesi. Mmoja akauliza kama ninayo nyingine ya namna ile.

Nikamwambia sina.