Dada Stella, Bibi Ameshaambiwa

Dada Stella,

Najua barua hii haina pa kufika. Lakini hapa nyumbani kila mtu ananiambia ninyamaze, na wewe ndiye uliyekuwa unaniambia niongeze sauti.

Nimemaliza kidato cha sita. Karatasi ya mwisho ilikuwa ya Kiingereza na niliiweza. Nilitoka chumba cha mtihani nikipanga kukupigia kabla sijavua viatu. Siku ya kufunga, Baba alikuja kunichukua. Baba huyuhuyu ambaye hajawahi kufika shuleni hata siku ya wazazi. Alibeba sanduku langu mwenyewe, na nilipoona hivyo nikajua kuna jambo. Hakusema kitu mpaka tulipoingia Ifakara. Ndipo akasema, akiangalia dirishani, "Eliza, dada yako hatunaye. Tumeshamzika."

Wiki mbili, Dada. Wiki mbili nilikuwa najibu maswali na wewe uko ardhini. Pikipiki uliyokuwa unaendea kazini ilikuangusha kwenye mvua, huko Thailand, na mtaa mzima ulijua. Matroni wa bweni naye alijua. Alikuwa ananipa chai ya maziwa jioni, nami nikadhani ananipenda. Eti mtahiniwa haambiwi msiba. Mama anasema ndivyo inavyofanywa, kila mtu hufanya hivyo, ningefeli. Kwa hiyo wakachagua mtihani.

Kuna siku sitaisahau. Unajua barabara ya kutoka Kidatu inavyopita mbele ya shule yetu, pale karibu na Mkula. Tulikuwa tunatoka kwenye karatasi ya Historia. Magari ya msiba yakapita, matawi yamefungwa mbele, vioo vimepandishwa. Tukasimama kimya, mikono nyuma, kama tulivyolelewa. Saida, rafiki yangu wa bweni, akasema, "Maskini, mtoto wa watu huyo." Mimi nikamwambia twende, maharage yataisha.

Ulikuwa wewe. Nilimuuliza Mama mpaka akakiri. Walipokaribia geti letu walipandisha vioo, na yeye akainama chini ya kiti ili nisimwone. Mama yangu aliinama kunificha jeneza lako. Nikala maharage, Dada. Niliongezewa.

Hasira yangu nyingine ni kwamba wanakusifu kwa mambo ambayo hawakuyajua. Naambiwa pale msibani walisoma kwamba ulikuwa "mwalimu nje ya nchi". Hakuna aliyesema kwamba ulimaliza chuo ukakaa miaka miwili ukingoja ajira, ukifundisha Idete kwa kujitolea. Hakuna aliyesema kwamba kule ulikuwa msaidizi tu. Unasimama pembeni ya mwalimu, unatamka neno la Kiingereza, watoto wanarudia. Ulinisimulia kwamba kipindi kikiisha mwalimu mwenyewe alikuwa anakuvuta kando umtamkie tena polepole, kwa sababu alikuwa anaona aibu mbele ya wanafunzi. Na mkuu wa shule alikuomba wazazi wakikuuliza useme unatoka Marekani. "Nikawaambia natoka Ifakara," ulisema. "Hawaijui, wakafurahi vilevile."

Ulipotuma picha ya mashamba ya kule, Mama alisema, "Yaani umepanda ndege kwenda kuangalia mpunga?" Tulicheka mpaka simu ikakatika. Siku hizi hapa ndani hakuna anayeitaja picha hiyo.

Sasa nikueleze la Bibi.

Bibi kule Mofu hakuambiwa. Wakasema ana presha, amekulea, akisikia atakufuata. Lakini alikuwa anauliza kila siku kwa nini hupigi simu. Baba mdogo, anayeishi naye, akaleta wazo kwa simu: "Sauti ya Eliza na ya Stella ni moja. Amsalimie tu, mama atulie." Nilikataa kwa kichwa. Baba akanipa simu mkononi. Unanijua, mimi mbele ya watu wazima siwezi kusema hapana kwa mdomo.

Nikasema, "Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umenitupa. Umepata mzungu huko?"

Nikacheka kama unavyocheka wewe. Nilijua kucheka hivyo, Dada, ndicho kinachonitisha. Akauliza watoto wako wa shule wanaendeleaje, nikasema wanaendelea vizuri. Akasema mpunga wa safari hii amekuwekea gunia moja, asilile mtu. Baba akanishika bega, akasema, "Umefanya vizuri." Nilimrudishia simu nikatoka nje.

Jumapili iliyofuata wakanipa simu tena. Nikaiweka mezani. Mama akasema, "Unataka kumuua bibi yako?" Asubuhi yake nikapanda bodaboda hadi Mofu, sikumuaga mtu.

Nilimkuta anapepeta. Nikapiga magoti, nikamwambia yote kwa maneno machache, pikipiki, mvua, kaburi. Hakulia. Aliweka ungo chini, akaniuliza, "Na yule aliyenipigia?"

"Ni mimi, Bibi."

Bibi akasema, "Nilimtania marehemu. Nilimtania kuhusu wanaume na yuko kaburini." Akaingia ndani akafunga mlango. Nililia uani mpaka Baba mdogo akarudi kutoka shamba, akanitukana, akaniita mtoto asiye na malezi.

Bibi hakufa. Juzi alikuja Ifakara, akaketi kwenye kaburi lako tangu asubuhi, akakulilia kwa sauti kubwa, kwa Kindamba, bila kujali nani anapita. Baba alisimama mbali na kofia mkononi. Na mimi Bibi hasemi nami. Nikimwamkia anaitikia akitazama ukuta. Pengine atanisamehe, pengine hapana. Sijutii kumwambia. Najuta ile Shikamoo.

Baba anataka nisome ualimu kisha niende kama wewe. Sijui. Nikienda, nitasema natoka Ifakara, na nitawataka waniahidi kwamba likitokea jambo nyumbani nitaambiwa siku ileile.

Pumzika, Dada. Nakuahidi jambo moja tu: sitasema tena kwa sauti yako. Nitajifunza kusema kwa hii yangu, hata ikitetemeka.

Mdogo wako,
Eliza