Mwanvua Ananifundisha Mimi

Jumatatu, 6 Machi 2023
Mutoto mupya kituoni. Mwanvua, miaka sita, maneno hakuna. Mama yake, Zainabu, anauza samaki wakavu hapa Kasuku. Sawa! Mafunzo ya usonji nilifanya, cheti iko. Nikatoa picha ya mandazi: anipe picha, nimupe kipande. Rahisi.
Picha alikula. Mandazi akanirushia.

Jumatano, 8 Machi
Nimechora ingine, nikaifunika na plastiki. Itafune sasa, Mwanvua!
Saa nne na nusu — alinipa! Yeye mwenyewe, mukononi. Nikapiga vigelegele kama niko ku ndoa. Zainabu machozi. Mara tatu, mara tano, mara nane...
Mara ya tisa, mujanja huyu akavuta sahani yote kwake. Akaniwekea picha mukononi, akangoja. Nikamurudishia. Akanikatia kipande — kidogo sana! — kama vile mimi ninavyomukatia. Nikala. Nikasubiri picha ingine. Nani anafundisha nani?
Ku ripoti nimeandika: "Maendeleo mazuri."

Ijumaa, 10 Machi
Nilimupa Zainabu kazi ya nyumbani: mutoto akipiga kelele, usimupe kitu; akileta picha, umupe palepale. Jana alijaribu. Kelele mpaka majirani wakakuja! Yeye, mama, akakaza roho. Ananiambia: "Mama Germaine, nilitoka jasho kama muntu aliyebeba gunia mpaka Kalima." Halafu picha ikafika. Samaki ikatoka. Kimya.
Tukacheka. Kisha akashusha sauti. Kesho shemeji yake Ayoubu anafika toka mji mudogo wa Kama. Yeye njo kaka mukubwa wa mume wake, ukoo wote unamusikiliza. Anasema hii njo ulozi. Kule iko muganga, atamufungia Mwanvua siku saba bila chakula.
Siku saba! Nikamwambia amulete huyo shemeji hapa kwanza, iko karatasi ya kutia sahihi.
Karatasi hakuna. Mungu anisamehe.

Jumamosi, 11 Machi
Naandika jikoni ya kituo, chai inachemka. Zainabu, Mwanvua na shemeji bado wako pale chumbani.
Ayoubu alifika na shati ya pasi, sura ya jiwe. Akauliza: karatasi iko wapi? Nikamupa ile ya zamu za kufagia uwanja. Akatia sahihi bila kusoma. Alhamisi ni zamu yake!
Nikamwomba akae, atazame kidogo. Mwanvua akamukaribia na sahani, akamuwekea picha mukononi.
— Anataka nini?
— Umurudishie, Baba.
Akarudisha. Akakatiwa kipande. Hapo Mwanvua akafurahi, akapepesa mikono kama kifaranga.
Ayoubu akaacha kutafuna, akauliza: Nani alimufunza hivyo na mikono? Nikasema hakuna, wengine wanazaliwa nayo.
Akatazama ile mikono: "Zuberi alikuwa hivi." Mudogo wake. Wakati wa vita walijificha porini, Zuberi akaanza kulia, askari wako karibu. Mama yao akamwambia Ayoubu amushike mukono, wakimbie. Ayoubu alikuwa na miaka kumi.
— Mukono niliuachia, akasema.
Zainabu hakujua. Miaka yote hii, hakujua.
Nikakimbilia chai. Mimi muntu wa maneno mengi!
Sasa pikipiki Ayoubu aliyoikodi ya kurudi Kama na Mwanvua inanguruma ku mulango, inapiga honi. Mwanvua ameziba masikio, analia kwa nguvu. Namusikia Ayoubu ametoka inje. Anamwambia dereva kitu.
Hakusema "uende". Alisema "zima".
Imezimwa. Hajarudi ndani bado, na Mwanvua ameachilia masikio, sahani mukononi, anatazama mulango.