Namba ya Marehemu Haipewi Mtoto

Kwako Auma, dada yangu uliyelala Awendo,

Nakuandikia nikiwa ofisini hapa Homa Bay, kwenye meza ile ile uliyokuwa ukiniwekea mafungu ya karatasi yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Wiki hii tunaunganisha mafaili ya awamu zote za utafiti wetu wa familia ili yakabidhiwe yakiwa kitu kimoja. Ndani yake nimekuta jambo linalokuhusu, na siwezi kulieleza bila kuanzia mbali. Utanivumilia. Ni wewe uliyekuwa ukiwaambia makarani wenzako, "Mwombe kaka yangu chumvi, ataanza na habari za bahari."

Basi naanza na bahari. Kompyuta yetu ilikubali majina ya herufi zisizozidi nane, kwa hiyo kila swali tulilipa jina fupi. Herufi ya kwanza ilitaja awamu: AUMRI ni umri wa mtu tulipomfikia mara ya kwanza, BUMRI mara ya pili, CUMRI mara ya tatu. Majina tuliyaweka kwa Kiswahili kwa sababu nyinyi makarani wa Ndhiwa mlikuwa Wajaluo na wenzenu kadhaa wa upande wa Migori walikuwa Wakuria, na lugha hiyo ndiyo iliyowakutanisha. Jambo lisilobadilika, kama mahali mtu alipozaliwa, halikuwekewa herufi ya awamu. Juu ya yote hayo, kila mtu alikuwa na namba yake ndani ya boma lake. Namba hiyo ndiyo iliyotuwezesha kumfuata mtu mwaka hadi mwaka, hata akiolewa, hata akibatizwa jina jipya.

Unakumbuka boma la Mzee Okelo, nje kidogo ya Ndhiwa. Yeye mwenyewe alikuwa namba moja, mama yake Abonyo namba mbili, mkewe namba tatu. Katika awamu ya pili bibi Abonyo alikuwa ajuza wa miaka sabini na kitu. Awamu ya tatu, karatasi yako ilirudi ikisema: namba mbili, Abonyo, yupo, umri miezi mitano.

Kompyuta ilikataa. Bwana Mutua, msimamizi wa kazi ya nyanjani, aliyekuwa ametoka Nairobi wiki hiyo, aliisoma karatasi akasimama. Akakuambia mbele yetu sote, "Auma, hapa umepika. Umekaa hotelini ukajaza fomu huku unakunywa chai."

"Chai ya Ndhiwa haina utamu wa kunikalisha siku nzima," ukamjibu. "Twende nikuonyeshe."

Hakucheka. Alisema mkifika mkakuta uongo, hutarudi kazini. Nami nikaja, kwa sababu faili lilikuwa langu na wewe ulikuwa wangu.

Tulimkuta Mzee Okelo akinoa jembe. Bwana Mutua hakusubiri hata kuketi. "Mzee, mama yako Abonyo yuko?"

"Yuko. Amemaliza kula sasa hivi."

Mkewe akatoka na mtoto mchanga, akamkabidhi. Okelo akamgeuza uso kwetu kwa adabu zote. "Mama, wageni hawa. Wasalimie."

"Namuuliza mama yako mzazi," Bwana Mutua akasema.

"Ndiye huyu. Ukitaka mwingine, sina."

Mke wa Okelo ndiye aliyetuokoa. Alieleza kuwa mtoto alilia tangu kuzaliwa, wakamtajia majina ya marehemu wa pande zote mbili, na aliponong'onezwa "Abonyo" akanyamaza. Kisha akamwangalia mumewe kwa jicho la utani. "Tangu hapo huyu baba anamwogopa. Na mimi je? Mama mkwe alikataa ugali wangu miaka yote, leo ananyonya kwangu."

"Nyamaza, anakusikia," Okelo akasema, na nadhani alikuwa anasema kweli.

Kaburi lilikuwa mbele ya nyumba ya marehemu, udongo wake haujashikana vizuri. Bwana Mutua alilitazama, kisha akakutazama wewe. "Uliliona hili?"

"Nililiona. Nilisoma jina kwenye fomu, nikauliza Abonyo yuko wapi, nikaonyeshwa. Ningeandika amekufa mbele ya watu wanaosema amerudi?"

Mkuria, au Mkamba kama Bwana Mutua, hangeandika vile. Wewe uliandika kwa sababu ulilelewa na mama ambaye alikuita wewe "mama", kwa kuwa ulibeba jina la mama yake. Hilo nilimweleza Bwana Mutua palepale.

Lakini na wewe nilikueleza, tukiwa tumesimama kando ya gari. Nilisema boma lile limezika mtu mmoja na kuzaa mtu mmoja, na karatasi yako imefanya mambo hayo mawili yafutane, kana kwamba hakuna kilichotokea. Wakati ule kila Jumamosi ilikuwa na mazishi, Ndhiwa na Rangwe na hata kwetu. Kama kila aliyezaliwa angechukua namba ya aliyezikwa, mafaili yetu yangeonyesha nchi ambako watu hawafi. Nani angeamini kwamba tunahitaji zahanati?

Kisha ukasema, "Owadwa, kaka yangu, basi kila mmoja awe na namba yake. Lakini jina la mtoto msilione kama bahati mbaya. Mahali lilipotoka paandikwe."

Hivyo ndivyo tulivyopata kanuni mbili. Ya kwanza, namba ya marehemu haipewi mtu mwingine kamwe. Ya pili ni safu uliyoiita JINATOKA, herufi nane kamili, bila herufi ya awamu, kwa kuwa asili ya jina haibadiliki. Abonyo mdogo akawa namba saba, na kwenye safu hiyo tukaandika mbili, namba ya bibi yake. Njiani kurudi Bwana Mutua alisema tu, "Umekosea, lakini hujapika." Ukarudia maboma yako yote, ukasahihisha mengine yenye kosa lile lile, ukamaliza awamu.

Sasa nakuja kwenye chumvi. Bwana Mutua alikuwa na faili lake mwenyewe la kupima kazi ya makarani: moja ni kazi safi, tisa ni ya kutiliwa shaka. Sikuwahi kulifungua hadi wiki hii tulipoliunganisha na mengine. Maboma yako yote yana tisa. Aliiandika siku ile kabla hatujapanda gari, na haikuondolewa. Na kompyuta imeagizwa kutupa nje kila boma lenye tisa kabla ya kukabidhi.

Nilimpigia simu Nairobi. "Auma wa Ndhiwa?" akauliza. "Wa yule nyanya anayenyonya?" Akacheka, hadi nilipomweleza nilichokuta kwenye faili lake. "Ile tisa si tuliitoa?"

"Haikutoka."

"Basi itoe wewe."

"Mimi ni kaka yake. Nikiitoa mimi, atakayekuja kesho atairudisha."

Alikuja juzi. Amezeeka, anavaa miwani miwili kwa zamu. Alikaa hapa mezani akabadilisha boma moja baada ya jingine kwa vidole vyake, polepole, akikataa kusaidiwa, na chini akaandika sababu na kutia sahihi. Alipomaliza aliuliza ulikozikwa. Nilimwambia Awendo, kwa mumeo, ng'ambo ya mashamba ya miwa. Akasema angependa kukuambia mwenyewe. Nikamwonyesha barabara.

Mimi nimebaki kuendesha kompyuta. Imepita faili lote, na maboma yako hayakutupwa hata moja. Kesho mtu tusiyemjua akitaka kujua watu wa Ndhiwa waliishije na walikufaje miaka hii, atachukua ulichoandika wewe, na atakiamini.

Zikufikie salama huko uliko, Auma, salamu hizi za kazi.

Ni mimi kaka yako, mkubwa wako kwa tumbo moja.